Msamaha wa Kodi ya Sola Unashuka Stesheni Gani?

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa tawi, Voi)



Tumeombwa na kamati tuseme machache juu ya sola, yaani stima ya jua, na hasa juu ya swali linaloulizwa kila siku pale stesheni wakati wa chai: Je, ni kweli kwamba Serikali humsaidia mtu anayetia sola nyumbani kwake? Na kama ni kweli, msaada huo uko wapi, mbona sisi hatujauona? Sisi si wataalamu. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yetu mnaijua, ni kutembea njiani na kukaza nati. Lakini kusoma twajua, na sheria za nchi hazikuandikwa kwa ajili ya malaika. Basi tumesoma, tumeuliza, na mara moja mbili tumedanganywa, ndiyo sababu tunalo la kusema.

Kwetu ni Makwasinyi, chini ya mlima Kasighau. Asiyepajua, na atoke hapa Voi kwa barabara ya Mombasa mpaka Maungu, hapo aache barabara kuu aingie nyika ya ndovu, aufuate ule mlima mpaka aufikie. Jua la kwetu halina upungufu. Hata mwaka ambao mvua imetunyima, jua halikutunyima. Lakini boma la wazazi wetu lilikuwa la koroboi tangu tulipozaliwa, na sisi masomo yetu ya jioni tuliyasoma kwa moshi, asubuhi tukipenga kamasi nyeusi. Wengi wenu mlio hapa mwajua habari hiyo, hatuna haja ya kuieleza sana.

Mwezi wa Septemba 2018 mafuta ya taa yaliongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuwazuia walaghai waliochanganya mafuta ya taa na dizeli wakaharibu injini za watu. Sababu hiyo hatuipingi, maana kweli walaghai walikuwako. Lakini mama yetu hana lori wala dizeli, ana koroboi mbili, na ushuru ule aliulipa kama mlaghai. Hapo ndipo tulipokaa ndugu wote wa nyumba moja tukasema, yatosha, tumtilie mama sola.

Alikuja kijana wa kampuni moja, jina lake hatulitaji wala la kampuni yake. Alikuwa na sanduku lenye betri ndani, paneli ndogo, taa nne, redio na tochi. Akasema mtatoa shilingi 3,000 za mwanzo, kisha shilingi 50 kila siku kwa simu, kwa siku 400, halafu chombo ni chenu. Shilingi 50 ni kitu gani? Ni chini ya bei ya mafuta ya taa na ya kuchaji simu kwa jirani ukijumlisha. Tukakubali. Taa zikawaka, na mama akacheka, na watoto wa ndugu yetu wakasoma bila moshi. Haya yote ni kweli na hatuyatoi maanani.

Kisha ukaja ukame. Mbuzi wakakonda, pesa zikaenda kwenye unga, na sisi wakati ule mishahara ilikuwa imechelewa, mwakumbuka wenyewe. Siku zikapita bila ya zile 50. Sanduku likajifunga. Hilo ni jambo la ajabu sana kuliona kwa macho: paneli iko juu ya mabati, jua linawaka kama tanuri, betri imejaa, na ndani ya nyumba ni giza, kwa sababu kufuli imetiwa kwa simu kutoka mbali. Mama akaitoa koroboi mvunguni akaipangusa.

Ndipo tulipomwendea yule kijana, si kwa ugomvi, tukamwuliza: Tumesikia Serikali imeondoa kodi katika sola, sasa sehemu yetu ya msamaha huo iko wapi katika hizi shilingi 23,000? Maana 3,000 ukijumlisha na 50 mara 400 ni 23,000. Akatazama chini akasema, “Ndugu yangu, hayo ni mambo ya kampuni na Nairobi.” Jibu lake tulilikasirikia siku ile. Baadaye tulipokwisha soma tuliona kwamba alisema kweli tupu.

Sasa sikilizeni jinsi sheria ilivyokwenda. Mwaka 2013 ilitungwa Sheria mpya ya VAT, na vyombo vya sola vikatiwa kodi ya asilimia 16. Mwaka 2014 kodi hiyo ikaondolewa. Mwaka 2020, mwisho wa Juni, ikarudishwa kwa Sheria ya Fedha, na huo ulikuwa mwaka wa korona, watu wako nyumbani, watoto wako nyumbani, na ule ushuru wa mafuta ya taa ungaliko. Kwa mwaka mmoja, basi, mtu maskini alitozwa akiwasha koroboi na akatozwa akitaka kuizima. Mwaka 2021, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, msamaha wa sola ukarudi. Sola imesukumwa mbele na nyuma kama behewa la shanti, na mwenye duka hakujua leo aandike bei gani. Mwezi wa Juni kila mwaka mambo ya kodi hufunguliwa tena Bungeni, kwa hiyo anayenunua aulize kwanza sheria ya mwaka huo yasemaje, asitegemee maneno yetu ya leo.

Lakini yasomeni maneno yenyewe ya msamaha ule wa 2021. Yanasema ni vyombo maalumu vya kutoa nguvu za jua na upepo, pamoja na paneli, kontrola za chaji, inveta, na betri za kuhifadhi stima ya jua, tena ni kwa pendekezo la Waziri anayehusika na nishati kupelekwa kwa Kamishna wa kodi. Nyaya hazikutajwa kwa jina, wala swichi, wala balbu, wala redio. Na hilo pendekezo la Waziri, je, nani kati yetu atapanda treni kwenda Nairobi kuliomba kwa ajili ya paneli moja ya kuweka juu ya jiko? Anayekwenda ni yule anayeleta kontena. Vivyo hivyo katika ushuru wa forodha. Nchi za Afrika Mashariki zina sheria moja ya forodha ya 2004, yenye orodha ya vitu vilivyosamehewa, na vyombo maalumu vya jua na upepo vimewekwa humo. Nao msamaha huo hupokewa bandarini Kilindini, haupokewi Makwasinyi.

Tena kuna neno moja dogo ambalo karani mmoja alitufafanulia, nasi tunalipitisha kwenu. Kusamehewa kodi si sawa na kutozwa sifuri. Kitu kikitozwa sifuri, mwenye biashara hurudishiwa VAT aliyoilipa yeye katika kuendesha biashara yake, kwa mfano kodi ya pango la duka au ya matangazo. Kikisamehewa tu, harudishiwi, naye huitia ndani ya bei, nawe mnunuzi unailipa bila kuiona. Kwa hiyo ukisikia redio inasema “sola haina kodi”, elewa kwamba haina kodi juu ya risiti. Ndani yake mna kodi kidogo iliyojificha kama mchwa katika taruma la mti.

Ili tusiwe watu wa kulalamika bure, tulifanya hesabu. Fundi mmoja wa hapa Voi alitupigia bei ya vitu vile vile alivyouziwa mama, vikinunuliwa taslimu, kimoja kimoja: ikawa shilingi 14,000. Kama kodi ya asilimia 16 ingetiwa juu ya vyote, ingekuwa shilingi 2,240. Hiyo ndiyo thamani yote ya msamaha, hata ukitufikia mzima mzima bila ya mtu kuumega njiani. Lakini tofauti kati ya 14,000 za taslimu na 23,000 za lipa pole pole ni shilingi 9,000. Mnaona? Sisi tulikuwa tunapigania 2,240 mlangoni, na huku 9,000 zinatoka kwa dirisha la nyuma.

Tusiwe wadhalimu. Kampuni za lipa pole pole hazikuja kuiba. M-KOPA ilianza kuuza hapa Kenya mwaka 2012, miaka mitano baada ya M-Pesa kuanza, na tangu hapo watu wengi wasiokopesheka na benki yoyote wamepata taa kwa njia hii. Anayekukopesha bila ya kukujua, bila ya hati ya shamba wala mdhamini, anabeba hatari, na hatari ina bei yake. Tena huleta fundi kitu kikiharibika. Hatuseji kwamba zile 9,000 zote ni dhuluma. Twasema tu kwamba maskini hulipa zaidi kwa sababu hana pesa za kulipa mara moja, na Serikali ilipoamua kumsaidia ilimsaidia mahali pengine.

Yatazameni mapunguzo mengine nayo muone yalivyo. Mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa kufikisha stima ya laini majumbani, na ada ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Huo ulikuwa msaada mkubwa, na wapo katika mkutano huu walioupata. Lakini ulikuwa kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Boma letu liko nje ya mita hizo. Hatukupewa zile 20,000 zilizopunguzwa ili tununue sola badala ya waya, wala hakuna aliyetuuliza kama twazitaka.

Kisha mwaka 2017 ulipitishwa mpango wa KOSAP, wa sola kwa sehemu zilizo mbali na laini, kwa dola milioni 150 za Benki ya Dunia. Kaunti 14 zilichaguliwa, zile zilizoachwa nyuma, kama Turkana, Mandera, Wajir, Tana River, Kwale, na yetu ya Taita Taveta imo. Tuliposoma jina la kaunti yetu tulifurahi sana. Lakini upande wa sola za majumbani fedha zilipangwa kupitia kwa kampuni: mikopo ya kuletea vyombo, na malipo ya ziada kwa kampuni ikithibitisha kwamba imeuza katika kaunti zile. Ni njia yenye akili, kwani hulipwi kabla ya kazi kuonekana. Hata hivyo mnunuzi haandikiwi popote kwamba katika chombo hiki Serikali imelipa shilingi kadha wa kadha. Kama bei ilishuka au haikushuka, mama wa Makwasinyi hana namna ya kujua.

Na tusemeje juu ya kuuza stima ya jua kwa laini? Sheria ya Nishati ya 2019 imeruhusu mtu mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuirudisha stima inayobaki katika laini ya taifa, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2024. Kwa kanuni hizo hupewi fedha mkononi, unaandikiwa nusu ya uniti ulizotoa, zipunguze bili yako. Ni jambo jema kwa kiwanda na hoteli, na kwa mwenye nyumba kubwa mjini. Lakini ni lazima uwe na laini na mita, na paa liwe lako. Sisi tunaoishi nyumba za kupanga hapa Voi, paa si letu, na kule nyumbani paa ni letu lakini laini hakuna. Kwa hiyo tumekosa huku na huku.

Msidhani kwamba ni Kenya peke yake. Afrika ya Kusini, wakati stima yao ilipokuwa ikikatika kila siku, ilitoa punguzo kwa watu waliotia paneli mpya kati ya Machi 2023 na mwisho wa Februari 2024: robo ya bei ya paneli, isipite randi 15,000, ikikatwa katika kodi ya mapato. Nani alipata? Mwenye mshahara wa kutozwa kodi. Asiye na kazi hakuwa na kodi ya kukatiwa. Marekani nao walikuwa na punguzo la asilimia 30 katika kodi ya mapato, likafutwa kwa gharama za baada ya mwisho wa 2025. Wajerumani mwaka 2000 waliweka bei maalumu ya kununua stima ya jua kwa miaka 20, na mapaa yao yakajaa paneli. Lakini ni mwenye paa aliyelipwa, na wote wenye mita, hata mpangaji, walichangia katika bili zao kwa miaka mingi. Kwa maoni yetu Wahindi wamekaribia zaidi: mpango wao wa 2024 unamlipa mwenye nyumba mwenyewe, katika akaunti yake ya benki, rupia 30,000 kwa kilowati moja na mpaka 78,000 kwa kilowati tatu. Nao ni wa nyumba zenye laini, lakini walau mtu anaiona hesabu yake kwa jina lake.

Jirani zetu wa Tanzania, ambao baadhi yenu mwawafikia Holili kwa baiskeli, walipotunga Sheria yao ya VAT ya 2014 walivitaja vyombo vya sola kimoja kimoja: paneli, kontrola, inveta, taa za sola, betri. Taa wamezitaja! Ukiwa dukani na sheria ya namna hiyo unaweza kubishana na muuzaji ukamwonyesha.

Basi ndugu, kamati ilituuliza, tufanye nini? Tunayo maneno mawili, moja la sisi wenyewe na moja la kupeleka mbele.

La kwetu ni hili. Tunao ushirika wetu wa akiba na mikopo, ambao wengi huukumbuka wakati wa karo tu. Mtu akikopa kule hizi 14,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalobaki, akalipa kwa miezi 12 kwa kukatwa katika mshahara, riba yote ni shilingi 910. Jumla ni 14,910. Linganisha na 23,000. Hapo umeokoa zaidi ya 8,000, na hakuna mtu atakayemfungia mama yako taa kwa simu. Na tukijiandikisha watu 30 tukanunue pamoja, hatutakwenda tena kwa duka la mwisho katika mnyororo. Tutaandika barua kwa waletaji wa Mombasa na kuwaomba bei iliyopambanuliwa: paneli kiasi gani, betri kiasi gani, kodi iliyosamehewa ni kiasi gani, na ambayo haikusamehewa ni ipi. Mtu mmoja akiuliza hivyo huambiwa ni mambo ya Nairobi. Watu 30 wenye hundi ya ushirika hujibiwa kwa herufi za taipu.

Fundi naye awe na leseni. Tangu kanuni za 2012 fundi wa sola hutakiwa kuwa na leseni, nayo siku hizi hutolewa na EPRA. Mwombeni aionyeshe. Sisi tulimwamini mtu kwa sababu alikuwa na ngazi na bisibisi, akaifunga paneli chini ya kivuli cha mwembe. Asubuhi ilikuwa nzuri, kuanzia saa saba mchana betri ikawa inalala njaa. Makosa hayo ni yetu, hatumsingizii mtu. Kivuli cha tawi moja tu huweza kuipunguza sana kazi ya paneli nzima. Tena kwetu kuna vumbi jekundu, kwa hiyo isilazwe kitandani, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, na kama mvua hakuna, kitambaa chenye maji asubuhi kabla haijapata moto. Na betri za risasi zisikamuliwe mpaka tone la mwisho. Ukizizoesha kushuka chini ya nusu zitakufa kijana.

La kupeleka mbele ni hili. Tawi letu liandike kwa ofisi kuu ya chama, nao wapeleke kwa Wizara na kwa Serikali ya Kaunti, kwamba kila mpango wa punguzo la sola unaotoka fedha za umma, kiasi cha punguzo kiandikwe katika risiti ya mnunuzi, kwa shilingi. Hatuombi fedha mpya hapo, tunaomba mstari mmoja wa wino. Pili, kwamba vyama vya ushirika vya wafanyakazi vihesabiwe miongoni mwa wanaoweza kupewa mikopo nafuu ya namna ile iliyotolewa kwa kampuni chini ya KOSAP. Kama kampuni yaweza kukopeshwa ili ituuzie, ushirika nao waweza kukopeshwa ili tujiuzie.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.

Baada ya mazungumzo maswali matatu yaliulizwa. Ndugu mmoja wa gengi alitaka kujua kama paneli ya wati 50 itaendesha friji. Tulimjibu kwamba haitaendesha: wati 50 kwa saa tano za jua kali ni wati-saa 250, nazo zinatosha taa nne, redio na simu za nyumba nzima, basi. Mama mmoja, mke wa mwanachama, aliuliza kama mwenye mkataba wa lipa pole pole ambao haujakwisha anaweza kukopa kwa ushirika aumalize mara moja. Mweka hazina alisema ataliuliza katika kikao cha ushirika, lakini kwanza mtu aisome karatasi ya mkataba aone kama kumaliza mapema kunapunguza bei au hakupunguzi kitu. Wa tatu aliuliza habari za mama wa Makwasinyi. Tulilipa madeni yale kwa pesa za ovataimu, na sanduku likafunguka, na siku za mkataba zilizobaki ni 61.

Karatasi ya kuandikisha majina iko kwa mwandishi wa tawi. Majina yaliyoingia siku ile ya mkutano ni 19. Zabuni haitaombwa mpaka yatimie 30.